Studio ya harusi Chake Chake: diski imetawanyika, idifragiwe lini na kwa utaratibu gani?

Kijana wa Studio, Chake Chake

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nina studio ndogo ya kuhariri video za harusi na maulidi hapa Chake Chake. Kompyuta ninayoitumia ni ya mezani, ya mtumba, yenye Windows 10, RAM ya GB 8 na diski ya TB 1 iliyogawiwa sehemu mbili, C na D. Tangu kumalizika kwa harusi zilizofuata Idi imekuwa nzito mno: faili la mradi linachelewa kufunguka, video inakwamakwama ndani ya programu ya kuhariri, na taa ya diski haizimi hata ninapokuwa sifanyi chochote. Jirani yangu anasema dawa ni kuidifragi diski nzima, yaani kuvikusanya pamoja vipande vya mafaili vilivyotawanyika, usiku kucha, ilhali mwengine amenionya nisithubutu, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi nitapoteza kila kitu. Naomba wajuzi mnieleze ni wakati gani hasa diski inahitaji kudifragiwa, na ikiwa inahitaji, kazi yenyewe ifanyweje. Ndani ya D mna harusi za watu ambazo bado sijazikabidhi.

Fundi wa Darajani

Waalaykumu salaam, kijana wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kubonyeza, kwa sababu harusi ya mtu haipigwi video mara ya pili.

Nianze na kinachotokea ndani ya diski yenyewe. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kinachosoma kwa kusogea kutoka mstari hadi mstari. Windows huigawa diski hiyo katika vyumba vidogo, ambavyo kwa NTFS, mfumo wa kupangia mafaili unaotumiwa na Windows, aghlabu huwa vya KB 4 kila kimoja. Unapofuta faili, vyumba vyake huachwa wazi. Na unapoandika faili jipya lililo kubwa kuliko pengo lolote lililopo, faili hilo hukatwa vipande na kila kipande huwekwa palipopatikana nafasi. Faili halijaharibika kwa sababu hiyo. Limetawanyika tu, na kichwa hulazimika kuruka huku na huku ili kulisoma lote.

Kila mruko una gharama yake. Katika diski ya mezani ya mizunguko 7,200, kichwa huchukua wastani wa milisekunde 9 hivi kuufikia mstari unaotakiwa, kisha husubiri nusu mzunguko, yaani milisekunde 4 na kidogo, hadi data ipite chini yake. Jumla ni kama milisekunde 13 kwa kila mruko. Chukua sasa video ya GB 20 iliyokatika vipande 40: miruko yote hiyo haifiki hata sekunde moja, na kuisoma video yenyewe kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde kunahitaji dakika tatu na zaidi, kwa hiyo huwezi kuona tofauti yoyote kwa macho. Lakini chukua faili la MB 200 tu, mfano wa mafaili ya muda ambayo programu ya kuhariri huyaandika kidogo kidogo siku nzima, lililokatika vipande 8,000. Kulisoma lilipaswa kuchukua sekunde 2. Miruko peke yake itachukua zaidi ya dakika moja na nusu. Mafaili yote mawili yataitwa kwamba yametawanyika, na ni moja tu linalokuumiza. Kwa sababu hiyo programu ya Windows, tangu enzi ya Vista, haihangaiki na vipande vyenye ukubwa wa MB 64 au zaidi, na haina haja ya kufanya hivyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, nakuomba utuletee majibu ya mambo matatu. La kwanza ni aina ya diski. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dfrgui, na dirisha litakalofunguka litakuonyesha kila sehemu ni diski ya kuzunguka au ni SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka), mara ya mwisho ilishughulikiwa lini, na ni asilimia ngapi imetawanyika. La pili ni afya ya diski, ambayo utaiona kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo: nitajie namba zilizopo katika mistari ya 05, C5 na C6. La tatu ni nafasi iliyobaki wazi katika C na katika D. Mpaka hapo usibonyeze kitu chengine.

Maalim wa Skuli, Wete

Naomba nidokeze swali langu humu humu, kwani linahusiana. Katika chumba cha kompyuta cha skuli yetu tumebadilisha diski za kompyuta kadhaa na kuweka SSD, na nyengine zinatumia Ubuntu, mfumo wa Linux, badala ya Windows. Kuna mwalimu mwenzangu anayeshikilia kwamba zote zidifragiwe kila mwisho wa muhula. Je, ana haki?

Fundi wa Darajani

Kwa SSD, maalim, hapana. SSD haina sahani wala kichwa. Kipande kilichopo mwanzo na kilichopo mwisho husomwa kwa muda ule ule, kwa hiyo hakuna mruko wa kuokoa. Juu ya hayo, chembe zake za kumbukumbu zina kikomo cha mara zinazoweza kuandikwa, na kudifragi ni kuandika upya data nyingi pasipo faida. Kinachohitajika kwa SSD ni amri ya TRIM, inayoiarifu diski kwamba vyumba fulani havina tena kitu ili izisafishe chembe zake kwa wakati wake. Andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify katika dirisha la amri. Jibu likiwa 0, TRIM inafanya kazi.

Hapa pana jambo moja ambalo watu wengi hulikosea. Kuanzia Windows 8, lile dirisha la dfrgui linapoikuta SSD hutuma TRIM badala ya kukusanya vipande, kwa hiyo msiizime ratiba yake kwa kudhani kwamba inazidhuru. Ila hakikisheni kwamba SSD imetambuliwa kuwa ni SSD. Ikiwa dirisha linaiita diski ya kuzunguka, iondoeni katika ratiba mpaka lirekebishwe.

Kwa Ubuntu, mfumo wake wa mafaili, ext4, hujitahidi tangu mwanzo kuandika faili mahali pamoja, na ni nadra kuhitaji kazi hii. Mkitaka uhakika kwa zile zenye diski za kuzunguka, amri ya e4defrag -c itawapa alama: kuanzia 0 hadi 30 hakuna tatizo, 31 hadi 55 kuna kutawanyika kidogo, na 56 kwenda juu ndipo diski inahitaji kushughulikiwa.

Kijana wa Studio, Chake Chake

Shukran, ami. Majibu ni haya. Diski ni ya kuzunguka. Mistari ya 05, C5 na C6 yote ina sifuri, na programu inaipa diski hali nzuri. C imetawanyika asilimia 4 na ina GB 60 zilizo wazi. D imetawanyika asilimia 34, na nafasi iliyobaki wazi ni GB 22 tu katika GB 780. Safu ya mara ya mwisho inaonyesha kwamba haijawahi kushughulikiwa.

Fundi wa Darajani

Alhamdulillah kwa hizo sifuri tatu, kwa sababu ndizo zinazoniruhusu kuendelea na maneno haya. Mstari wa 05 huhesabu sekta, yaani vijisehemu vya diski, ambazo diski imekwisha kuziacha na kuhamia nyengine za akiba, na C5 huhesabu zile ambazo imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. Lau C5 ingekuwa na namba yoyote, jibu langu lingekuwa moja tu: nakili kazi za watu zote mahali pengine leo hii, na uiache diski ipumzike. Kudifragi hukilazimisha kichwa kusoma na kuandika kwa saa nyingi mfululizo, na diski iliyoanza kufa huweza kumalizikia hapo hapo. Kadhalika ukisikia mlio wa kugongagonga ndani ya diski, usingoje hata kuzitazama namba.

Nimeona diski nyingi zikiletwa dukani baada ya kudifragiwa kwa sababu zilikuwa nzito, na ukizipima unakuta uzito wenyewe ulikuwa dalili ya sekta mbovu. Mwenye mali aliiona dalili akadhani ndiyo maradhi. Kwa hiyo nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza, kwamba afya hutazamwa kabla ya asilimia.

Sasa tuje kwako. C haihitaji chochote. Asilimia 4 si kitu, na kwa kawaida chini ya asilimia 10 huwa siigusi diski. Ugonjwa uko D, na mzizi wake ni kujaa. Sehemu yenye asilimia 3 tu ya nafasi wazi haina mahali pa kuliweka faili kubwa likakaa pamoja, hivyo kila unachokiandika kinazaliwa kikiwa kimekatika. Programu ya kudifragi nayo huhitaji nafasi ya kupangia. Ile ya Windows XP ilidai angalau asilimia 15 iwe wazi, nami kipimo hicho nakifuata mpaka leo. Zaidi ya hayo, diski hujazwa kuanzia ukingo wa nje wa sahani kuelekea ndani, na kwa diski nyingi za mezani sehemu ya ndani husoma kwa karibu nusu ya mwendo wa ukingo wa nje. D yako imetengwa baada ya C, na imejaa mpaka mwisho wake, kwa hiyo kazi zako mpya zimeangukia katika sehemu iliyo nzito kuliko zote.

Utaratibu basi uwe hivi. Kwanza nakili harusi zote ambazo hazijakabidhiwa kwenye diski ya nje, kisha fungua baadhi ya video hizo kutoka huko na uhakikishe zinacheza. Baada ya hapo hamisha kazi zilizokwisha kukabidhiwa, ufute mafaili ya muda ya programu ya kuhariri na umwage pipa la taka, mpaka D iwe na GB 120 au zaidi zilizo wazi. Usafi huu lazima utangulie, kwa sababu ukidifragi kwanza na kufuta baadaye utayafungua mapengo upya na kazi yote ya usiku itakuwa bure. Kisha fungua dirisha la amri kwa uwezo wa msimamizi, uandike chkdsk D: /scan ili mfumo wa mafaili ukaguliwe, kwani sehemu iliyotiwa alama ya hitilafu haikubali kudifragiwa. Ikiwa salama, andika defrag D: /A /V, ambayo huchambua tu bila ya kuhamisha kitu. Huenda ukakuta kwamba asilimia 34 imeshuka sana kwa kule kuhamisha peke yake, na ikiwa imefika chini ya 10, ishia hapo. Ikiwa bado iko juu, andika defrag D: /U /V, ufunge programu zote, na uiache ifanye kazi.

Muda siwezi kukukadiria kwa uhakika. Huweza kuwa saa moja, huweza kuwa usiku mzima. Fanya usiku, khasa sasa katika joto la kaskazi, na uache dirisha la chumba au feni wazi, kwa kuwa diski inayofanya kazi mfululizo hupata joto na mimi sipendi kuiona ikivuka nyuzi 50.

Ukhti wa Mkoani

Mimi kaka fundi ninadifragi kompyuta yangu ya ofisini kila Ijumaa kwa programu niliyoinunua, na nimekuwa nikiamini kwamba ndiyo inayoidumisha. Je, hiyo ni kuzidisha? Na suala la umeme alilolitaja kijana hamjalijibu, wakati sisi huku ndilo linalotutia hofu kuliko yote.

Fundi wa Darajani

Dada yangu, kwa kompyuta ya ofisi inayoandika barua na majedwali, kila wiki kwa mkono ni kuzidisha, ingawa sidhani kwamba umeidhuru ikiwa diski ni nzima na ni ya kuzunguka. Programu ya kununua haihitajiki. Windows ina ratiba yake ya kila wiki. Katika Windows 7 iliwekwa saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano, na katika matoleo yaliyofuata imeingizwa katika matengenezo ya usiku. Tatizo letu ni kwamba kompyuta nyingi za maduka na ofisi huzimwa jioni, na asubuhi hazipati utulivu, ndiyo maana ya kijana ikaonyesha kwamba haijawahi kushughulikiwa. Iache kompyuta yako ikiwaka usiku mmoja kwa wiki, kisha tazama safu ya mara ya mwisho. Ikisogea, huna kazi nyengine ya kufanya.

Ikiwa kuna faili moja tu linalokusumbua, mfano hifadhidata ya wateja, si lazima uihangaishe diski nzima. Ipo programu ndogo ya bure ya Contig, kutoka Sysinternals ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Contig -a pamoja na jina la faili itakuambia lina vipande vingapi, na bila ya hiyo -a italikusanya faili hilo peke yake.

Sasa umeme. Programu ya Windows haikibebi kipande na kukiacha hewani. Hukinakili kwanza mahali papya, kisha huandika katika orodha ya mfumo kwamba faili sasa liko huko, na mahali pa zamani huachiliwa baada ya hapo. NTFS nayo hujiwekea kumbukumbu ya mabadiliko ili iweze kurejea katika hali ya sawa baada ya kuzimika ghafla. Kwa hiyo si kweli kwamba umeme ukikatika kila kitu hupotea. Hata hivyo siyo dhamana, kwa sababu diski hushikilia baadhi ya maandishi katika kumbukumbu yake ya muda kabla hayajafika kwenye sahani, na sehemu zenye mfumo wa zamani wa mafaili wa FAT32 hazina ulinzi ule wa NTFS. Sisi wa Unguja tulioendesha kazi kwa jenereta tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokuwa umekatika, tulijua kwamba volti inayoyumba na umeme unaorudi kwa kishindo ni hatari kwa diski kuliko kule kuzimika kwenyewe. UPS nzima, yaani betri inayoilisha kompyuta umeme unapokatika, hutoa dakika za kutosha kusimamisha kazi kwa utulivu, na kusimamisha katikati hakuna madhara. Vilivyokwisha kupangwa hubaki vimepangwa. Asiyekuwa na UPS achague usiku ambao umeme umetulia, na nakala ya kazi iwe tayari mahali pengine. Kwenye laptopu betri nzima inatosha kuwa UPS, ila iwekwe juu ya meza, isiwekwe kitandani.

Kijana wa Studio, Chake Chake

Ami, nimefuata kila neno. Baada ya kuhamisha kazi za zamani, uchambuzi ulionyesha asilimia 19, nikaendelea usiku, na asubuhi nikakuta asilimia 1. Mradi unafunguka vizuri na video haikwami tena, ila taa ya diski bado inawaka muda mrefu ninapofungua kivinjari pamoja na programu ya kuhariri. Na nimegundua kwamba diski ya nje niliyohamishia kazi haionekani kabisa katika dfrgui. Inasomeka kuwa ni ya mfumo wa mafaili wa exFAT.

Fundi wa Darajani

Hiyo taa sasa haihusiani na vipande. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, utazame kumbukumbu (RAM) wakati programu zote mbili ziko wazi. Ikiwa GB 8 zimekaribia kwisha, Windows inatumia diski kama RAM, na hapo hakuna kudifragi kutakakosaidia. Ongeza RAM ifike GB 16. Na siku ukipata uwezo, weka SSD kwa ajili ya C na kwa mafaili ya muda ya programu ya kuhariri, uibakishe diski hii kuwa ghala la video zilizokamilika.

Kuhusu diski ya nje, programu ya Windows haidifragi exFAT, hivyo hukukosea popote. Njia yake ni kunakili vyote vilivyomo kwenye diski nyengine, kuhakikisha nakala zinafunguka, kuiformati, na kuvirejesha. Mafaili yanayoandikwa moja baada ya jengine kwenye diski tupu hukaa yakiwa mazima, na ukitaka wakati huo huo kuibadilisha iwe NTFS, ni fursa nzuri ikiwa utaitumia kwa Windows tu. Lakini kwa diski inayohifadhi video kubwa zilizokwisha kukabidhiwa, zinazofunguliwa mara chache, mimi nisingejisumbua. Kadi za kamera na flashi usizidifragi kamwe, kwa sababu ile ile niliyomweleza maalim kuhusu SSD. Kadi iformati ndani ya kamera yenyewe baada ya kuhakikisha kwamba video zimo mahali pawili tofauti.

Harusi zilizobaki zikabidhi kwanza, kisha ndipo uifungue kompyuta kuongeza RAM.